Kiswahili cha Kufungwa

Jezi za timu yetu hapa Ibra nafua mimi.
Msimu ukiwa mzuri huja na nyasi magotini,
damu kidogo, na vidole vya halwa mabegani
vya mashabiki waliokumbatia.
Mwaka huu zinakuja safi kupita kiasi.
Nazitia kwenye mashine nikiona haya,
kama mtu anayeosha sahani
ambazo hazikupakuliwa chakula.

Mechi tisa. Sare mbili, vipigo saba.
Salala tulikwenda kwa basi, saa kumi na moja za jangwa,
tukafungwa penalti dakika ya themanini na tisa,
tukarudi saa kumi na moja zile zile
na kiyoyozi kilichokataa kuzimika.

Kocha Muhenna ana lugha mbili.
Kiarabu ni cha ubaoni, cha waandishi, cha mwenyekiti:
mishale, duara, subira wanangu, subira.
Kiswahili alikiacha Unguja akiwa na miaka sita,
kikamfuata.
Humtoka tukishafungwa bao la pili,
kwa sauti ya bibi yake:
"Loo! Mmelala fofofo!
Mnauota mpira badala ya kuucheza!"
Benchi zima hugeuka kunitazama mimi,
mtoto wa mama wa Wete, ninayeelewa peke yangu,
nami hutazama chupa za maji.

Kule Sohar nilijaribu kumliwaza:
asiyekubali kushindwa si mshindani, kocha.
"Basi sisi tumeshakubali mara saba," akasema.
"Washindani wakubwa. Nipe taulo."

Na Yakdhani, namba kumi wetu.
Miaka thelathini na tatu, goti la kushoto
limefunikwa barafu kama samaki wa sokoni.
Mipira yote hupitia kwake, na lawama nazo.
Husimama katikati, hautazami mpira,
anatazama uwazi ambao bado haujatokea,
kisha anautuma huko.
Nao hufika.
Asiyefika ni mtu.
Jukwaani watu sitini na saba, niliwahesabu,
humzomea: "Unampasia nani? Jini?"
Na kocha, kwa Kiswahili, polepole, kama anayesoma dua:
"Pasi ni sahihi. Mtu ndiye kachelewa."

Mishahara ya miezi miwili haijaingia.
Hilali, winga wa kushoto, miaka kumi na tisa,
kauza gari, huja mazoezini
juu ya lori la majani ya mbuzi.

Jumatano, siku ya soko la wanawake,
mwenyekiti alituma ujumbe wa sauti.
Sekunde kumi na nane.
Shukrani peke yake zilikula kumi na mbili.
Kocha alisikiliza mara mbili,
akatundika filimbi kwenye ndoano ya mlango,
akaniuliza kama koti lake limekauka.
Limekauka. Hapa kila kitu hukauka mapema.

Kocha mpya ana kompyuta.
Kompyuta ilimweka Yakdhani benchi.
Tukala tano. Wiki iliyofuata tukala tatu.

Mechi ya kumi na mbili alimwingiza dakika ya sabini,
nadhani kwa kukata tamaa tu.
Yakdhani akasimama pale pale pa siku zote,
akatazama pasipo na kitu, akautuma.
Na Hilali alikuwa ameshaanza kukimbia.
Sijui nani alimwambia. Labda hakuna.
Aliukuta mpira umemsubiri kama kaka mkubwa,
akapiga,
ukagonga nguzo, ukatoka nje.

Bila kwa bila. Sare ya tatu.
Bado tuko mkiani, na mwezi wa tatu wa mshahara umeingia,
mwezi, si mshahara.

Lakini nguzo ilipolia, kutoka juu kabisa jukwaani,
penye taa iliyoungua,
mtu wa sitini na nane alisimama na koti lake kavu
akapiga kelele kwa sauti ya bibi yake:
"Kawahi! Jamani, mtu kawahi!"

Benchi zima likageuka kunitazama.
Safari hii niliwatafsiria.